Herufi Nne za Dagaa

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Hotuba ya Afisa Elimu, Kigoma.

KABLA YA KUSIKILIZA. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni mistari hii mitatu kwa herufi kubwa, kisha awasomee wanafunzi maneno mapya.

Samaki wa 1: A T G G C A T T C A G A
Samaki wa 2: A T G G C G T T C A G A
Samaki wa 3: A T A G C G T T C A C A

Maneno mapya:
Seli: chembe ndogo sana inayojenga mwili wa kila kiumbe.
Vinasaba: maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ambayo mtoto huyapata kwa baba na mama.
Hazina ya vinasaba: maktaba inayotunza maandishi hayo katika kompyuta.

HOTUBA

Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Nawasalimu ninyi nyote mlioketi madarasani mwenu, Kigoma mjini, Ujiji, Mwandiga, Ilagala, Kagunga, na popote mnaponisikia. Natumaini kila mmoja ana kalamu na daftari lake.

Katika masomo yaliyopita mmejifunza herufi 24 za Kiswahili. Leo tutazungumza juu ya maandishi yenye herufi nne tu. Maandishi hayo hayakuandikwa na mtu. Yamo ndani ya dagaa, ndani ya mgebuka, ndani ya sokwe wa Gombe, ndani ya mhindi shambani, na ndani yako wewe unayenisikiliza. Tutaona jinsi wataalamu wanavyoyasoma, mahali yanapotunzwa, na jinsi mwanafunzi wa chuo kikuu anavyotafuta jambo ndani yake. Mwishoni tutaona jinsi maandishi hayo yanavyojibu swali linalowahusu sana watu wa ufukweni: dagaa wa Kigoma na dagaa wa ng'ambo, je, ni ukoo mmoja au ni koo mbalimbali?

Mtu anaweza kusema, "Swali hilo lanihusu nini?" Ngojeni. Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ninyi mnajua maana ya miezi mitatu bila uvuvi. Mvuvi hakwenda ziwani, mama aliyeanika dagaa Kibirizi na Katonga hakuwa na cha kuanika, na mchuuzi hakuwa na mzigo wa kupeleka stesheni. Mtu anayeombwa kuvumilia jambo kubwa kama hilo ana haki ya kuuliza sababu, na ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa.

Herufi zenyewe

Basi tuanze na herufi. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Seli ni ndogo mno, hata jicho haliwezi kuiona bila darubini. Ndani ya seli umo uzi mwembamba sana uliojikunja. Wataalamu wanauita DNA, nasi kwa Kiswahili tunasema vinasaba. Katika uzi huo vimepangwa vitu vya aina nne, na wataalamu wamevipa majina ya herufi: A, C, G na T.

Mtaniuliza, herufi nne zitaandika nini? Chukueni kalamu. Andikeni neno LIMA. Sasa zipangeni herufi hizo hizo kwa namna nyingine, mpate MALI. Zipangeni tena, mpate IMLA, lile zoezi ambalo mwalimu husoma nanyi mkaandika. Herufi ni zile zile nne, lakini kila mpango una maana yake. Ndivyo ilivyo kwa vinasaba. Maana iko katika mpango. Tena mstari wenyewe ni mrefu kupita kiasi: maandishi ya mwanadamu yana herufi zipatazo 3,000,000,000. Sehemu moja ya maandishi humwamuru mwili utengeneze damu, sehemu nyingine utengeneze ngozi, au mapezi, au majani, kila kiumbe kwa namna yake.

Kwa muda mrefu watu walijua kwamba maandishi hayo yapo, lakini hawakuwa na njia nyepesi ya kuyasoma. Mwaka 1977 mtaalamu wa Uingereza, Frederick Sanger, pamoja na wenzake, walitangaza njia bora ya kuyasoma herufi moja baada ya nyingine. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine. Mtafiti hukata kipande kidogo cha pezi la samaki, akakitia katika spiriti kisioze, akakipeleka maabara. Huko vinasaba hutolewa, mashine huvisoma, na matokeo yake ni mistari ya herufi kama ile iliyoko ubaoni kwenu.

Makosa ya kunakili

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo ndilo ufunguo wa somo zima. Kiumbe anapozaa, maandishi yake hunakiliwa na kupewa mtoto. Kunakili huko hufanyika kwa uangalifu mkubwa, lakini mara moja moja herufi moja hukosewa. Penye A huandikwa G. Mara nyingi kosa hilo halileti madhara yoyote, nalo huendelea kurithiwa na wajukuu na vitukuu.

Fikirini barua moja iliyonakiliwa kwa mkono na madarasa mawili, darasa moja Ujiji na jingine Kasulu. Kila mwaka wanafunzi wapya wanainakili nakala ya mwaka uliopita, wala madarasa hayo hayatembeleani. Baada ya miaka 50 nakala za Ujiji zitakuwa na makosa yake, na nakala za Kasulu zitakuwa na makosa yake mengine. Ukiokota nakala moja njiani, utaweza kusema imetoka darasa gani. Lakini kama madarasa hayo yangekuwa yakibadilishana nakala kila mwaka, makosa yangechanganyika, nawe usingeweza kuzipambanua.

Ndivyo ilivyo kwa viumbe. Makundi mawili yaliyotengana siku nyingi bila kuzaliana yana tofauti zake katika herufi. Makundi yanayochanganyika na kuzaliana hayana tofauti za namna hiyo.

Tazameni ubaoni. Linganisheni samaki wa 1 na samaki wa 2, herufi kwa herufi, kwa kidole. Sasa nitanyamaza kidogo.

(Hapa mwalimu awape wanafunzi dakika moja.)

Naam. Mmeona kwamba wamehitilafiana mahali pamoja tu, yaani herufi ya sita: mmoja ana A, mwenzake ana G. Sasa linganisheni samaki wa 1 na wa 3. Wamehitilafiana mahali patatu: herufi ya tatu, ya sita na ya kumi na moja. Basi, kwa mistari hii mifupi, samaki wa 1 ana udugu wa karibu zaidi na wa 2 kuliko na wa 3. Mistari hiyo nimeitunga kwa ajili ya zoezi tu, haikutoka kwa samaki yeyote. Lakini kazi mliyoifanya kwa kidole ndiyo kazi inayofanywa na kompyuta, ila kompyuta hulinganisha mamilioni ya herufi kwa muda mfupi. Elimu ya kutumia kompyuta kusoma na kulinganisha maandishi ya viumbe huitwa bayoinfomatiki. Jina ni refu, lakini mwanzo wake mmekwisha uonja.

Hazina ya maandishi

Maandishi yakishasomwa, yawekwe wapi? Mtu mmoja akiyafungia kabatini mwake, hayatamsaidia mwingine. Mwaka 1965 mama mmoja wa Marekani, Margaret Dayhoff, pamoja na wenzake, walikusanya katika kitabu kimoja maandishi ya protini 65 zilizokuwa zimejulikana wakati huo. Protini ni vitu vinavyojenga na kuendesha mwili, navyo hutengenezwa kwa kufuata maagizo ya vinasaba. Wakati ule kitabu kimoja kilitosha. Leo hakuna kabati la vitabu linaloweza kubeba maandishi yote yaliyokwisha kusomwa, kwa hiyo hutunzwa katika kompyuta.

Hazina kubwa za vinasaba duniani ni tatu. Ya kwanza iko Ulaya, ilianza mwaka 1980 katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, na sasa makao yake yako Uingereza. Ya pili iko Marekani, inaitwa GenBank, ilianza mwaka 1982. Ya tatu iko Japani, nayo ilianza katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Hazina hizi tatu zina mapatano ya kupashana habari kila siku. Andiko likiingizwa katika moja, huonekana katika zote. Tena huwezi kudaiwa ada ya kusoma. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, au wa Bujumbura, au wa London, mwenye kompyuta na intaneti, hufungua mlango ule ule.

Kila andiko linaloingia hupewa namba yake, kama shamba linavyopewa namba katika daftari la ardhi. Pamoja na herufi huandikwa jina la kiumbe, jina la aliyeyasoma, na maelezo ya mahali kiumbe alipopatikana. Siku hizi anayeingiza andiko jipya hutakiwa aseme kiumbe alitoka nchi gani na alichukuliwa lini. Mtafiti akichapisha matokeo yake, hutaja namba hizo, ili mtu mwingine anayemtilia shaka aende akasome mwenyewe.

Ziwa letu limechangia sana katika hazina hizo. Mnawajua samaki wa mawe wenye rangi nyingi, na mnamjua kuhe. Hao wote ni wa jamii moja inayoitwa sikilidi. Katika Ziwa Tanganyika jamii hiyo ina aina zipatazo 240, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 2021 wataalamu walioongozwa na Chuo Kikuu cha Basel, nchi ya Uswisi, walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vya karibu aina zote hizo.

Jinsi ya kutafuta

Maktaba kubwa isiyo na mtu wa kukuonyesha kitabu haifai kitu. Kwa hiyo mwaka 1990 wataalamu watano wa Marekani walitangaza programu ya kompyuta inayoitwa BLAST. Hadi leo mwanafunzi anayeanza elimu hii huikuta katika masomo yake ya kwanza. Nitaeleza jinsi inavyofanya kazi.

Tuseme umeokota sokoni karatasi iliyochanika, nawe unataka kujua imetoka kitabu gani. Huwezi kusoma vitabu vyote vya maktaba toka mwanzo hadi mwisho. Utachukua maneno machache yaliyo katika karatasi, utafute vitabu vyenye maneno hayo. Ukikipata kitabu kimoja, utatazama maneno yaliyo kabla yake na baada yake. Yakifuatana sawasawa na ya karatasi yako, utaendelea mbele. Yakiacha kufanana, utakiacha kitabu hicho na kujaribu kingine.

BLAST hufanya hivyo hivyo. Mwanafunzi huipa mstari wa herufi. Programu huukata mstari huo kuwa vipande vifupi vya herufi chache, hutafuta mahali vipande hivyo vinapoonekana katika hazina, kisha huendelea kulinganisha kulia na kushoto. Mwisho hutoa orodha: andiko linalofanana zaidi huwa juu, linalofanana kidogo huwa chini.

Lakini hapa pana hatari, na mwanafunzi hufundishwa kuikwepa. Ukiokota karatasi yenye neno moja tu, "na", utalikuta neno hilo katika kila kitabu cha Kiswahili. Huwezi kusema karatasi yako imetoka katika kitabu hiki au kile. Lakini karatasi yenye maneno "dagaa walioanikwa Kibirizi wakanyeshewa na mvua ya masika" si rahisi kuikuta katika vitabu viwili kwa bahati tu. Kwa hiyo programu hutoa pia namba inayosema: mfanano wa namna hii ungeweza kutokea mara ngapi kwa bahati tupu? Namba ikiwa ndogo sana, karibu na sifuri, mwanafunzi ana sababu ya kuamini. Namba ikiwa kubwa, aseme hajui. Nami nadhani desturi hiyo ingetufaa hata katika habari tunazopashana barazani.

Kipo pia kipande kimoja cha vinasaba, chenye urefu wa herufi zipatazo 650, ambacho wataalamu hukitumia kutambua aina za wanyama, kama askari anavyolitambua gari kwa namba yake. Kwa kipande hicho mtu anaweza kujua samaki aliyekatwa minofu ni wa aina gani, hata kama kichwa, mkia na magamba havipo. Anaweza pia kutambua kisamaki kilichoanguliwa jana, ambacho macho ya mvuvi hodari hayawezi kukitofautisha na vingine.

Dagaa ni ukoo gani?

Sasa turudi kwa dagaa wetu. Wale tunaowaita dagaa hapa Kigoma ni wa aina mbili. Wataalamu wanawaita kwa majina ya kisayansi Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wote wawili asili yao ni ziwa hili.

Herufi zimetuambia kwanza walikotoka wazee wao. Mwaka 2008 wataalamu walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya dagaa hao na vya samaki wenzao wa Afrika na wa baharini. Waliona kwamba dagaa wa Tanganyika wana udugu na samaki wadogo wa mito ya Afrika ya Magharibi na ya Kongo, na kwamba babu zao wa kale walikuwa samaki wa baharini walioingia katika maji baridi ya Afrika ya Magharibi mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo dagaa unayemla kwa ugali ana jamaa baharini.

Lakini swali letu ni jingine. Ziwa letu lina urefu wa kilomita zipatazo 670. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Je, kila nchi ina dagaa wake? Kama ndivyo, kila nchi ingeweza kuamua peke yake: sisi tukiwatunza dagaa wetu, watabaki wetu; wenzetu wakimaliza wao, hasara ni yao. Lakini kama ni ukoo mmoja unaochanganyika, basi anayepunguza upande mmoja anapunguza pande zote, na anayetunza upande mmoja peke yake anachota maji kwa pakacha.

Mvuvi hawezi kulijibu swali hili kwa macho. Dagaa hana alama ya nchi mgongoni. Wala huwezi kumfuata usiku kucha gizani. Lakini mnakumbuka habari ya madarasa mawili yaliyonakili barua. Kama dagaa wa kaskazini na wa kusini wametengana, herufi zao zitakuwa na tofauti.

Mwaka 2019 wataalamu walichapisha matokeo yao juu ya Stolothrissa. Walichukua samaki kutoka pande za kaskazini hadi kusini mwa ziwa, wakasoma vipande vingi vya vinasaba vyao, wakavilinganisha. Hawakuona koo zilizotengana kwa mahali. Kwa herufi, dagaa wa ncha moja hakupambanuka na dagaa wa ncha nyingine. Mwaka 2020 yalitoka matokeo mengine juu ya aina zote mbili. Katika kazi hiyo walikuwamo watafiti wa taasisi yetu wenyewe, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yaani TAFIRI, ambayo ina kituo chake hapa Kigoma. Nao walikuta kwamba tofauti za mahali ni ndogo sana. Ila katika Limnothrissa walikuta jambo la ajabu: vipo vipande virefu vya maandishi ambavyo katika samaki wengine vimegeuzwa, mwanzo ukawa mwisho, kama kurasa zilizoshonwa kitabuni kichwa chini. Kwa hiyo aina hii ya pili ina mambo yake ya ndani ambayo bado yanahitaji kuchunguzwa.

Basi jibu kwa swali letu ni hili: Stolothrissa wa ziwa zima ni wa kutunzwa kama kundi moja. Ndiyo maana wataalamu hao walisema kwamba nchi zinapaswa kushirikiana. Nchi nne zilikwisha fanya mapatano juu ya ziwa hili mwaka 2003, na ipo Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mvuvi wa Kibirizi anayeuliza, "Je, na wenzetu wa ng'ambo nao wanapumzisha ziwa?" hasemi upuuzi. Anauliza swali ambalo herufi za dagaa zenyewe zinaliuliza.

Lakini tusizisingizie herufi zaidi ya zilivyosema. Herufi zimeonyesha udugu wa dagaa. Hazikuhesabu dagaa waliobaki. Hazikusema miezi mitatu inatosha au haitoshi, wala hazikusema mvuvi ale nini katika miezi hiyo. Tena wataalamu wengine wameonyesha kwamba ziwa limepata joto zaidi kuliko zamani, na joto hilo linazuia maji ya chini yenye rutuba yasipande juu, hivyo chakula cha samaki kinapungua. Nyavu peke yake si sababu yote. Mambo hayo yana vipimo vyake vingine, na viongozi na wavuvi hawana budi kuyazungumza pamoja.

Habari ya sokwe wa Gombe

Nitatoa mfano mmoja tena wa karibu yetu, maana juu yake yamesemwa maneno mengi. Kaskazini ya Kigoma iko Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta kwa sokwe wa Gombe kirusi kilicho jamaa ya kirusi cha UKIMWI. Hawakumkamata sokwe yeyote wala kumchoma sindano. Waliokota kinyesi chake na kukinga mkojo wake, wakatafuta humo alama za kirusi, wakasoma herufi zake.

Je, ugonjwa wa UKIMWI ulioenea duniani ulitoka Gombe? Herufi zinajibu: hapana. Maandishi ya kirusi cha Gombe yalilinganishwa na yale ya kirusi cha watu yaliyokuwa katika hazina, yakaonekana kuwa ya tawi jingine la ukoo. Mwaka 2006 wataalamu walionyesha kwamba virusi vya sokwe vinavyofanana zaidi na kile kilichoenea kwa watu vinapatikana kusini-mashariki mwa Kameruni, mbali sana na hapa. Mtu akikuambia kwamba ugonjwa huo ulianzia Gombe au kwa watu wa Kigoma, sasa unalo la kumjibu. Wala usisahau kwamba sokwe naye huumia: mwaka 2009 ilitangazwa kwamba sokwe wa Gombe wenye kirusi hicho hufa zaidi kuliko wenzao wasio nacho.

Maandishi haya ni ya nani?

Neno la mwisho. Nilisema hazina ziko wazi kwa watu wote. Hilo ni jambo jema, kwani hata kijana wetu maskini anaweza kuzisoma. Lakini kampuni tajiri nayo inaweza kuyasoma maandishi ya viumbe wa nchi zetu, ikatengeneza dawa au mbegu, ikapata fedha, na watu wa mahali viumbe vilipotoka wasipate kitu. Jambo hili limezungumzwa katika mikutano ya mataifa. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kwamba faida inayotokana na maandishi hayo igawanywe kwa haki, na mwaka 2025 ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambao makampuni yanayofaidika yanatazamiwa kuuchangia. Tutaona utatendaje kazi. Ili nchi ijue kilicho chake, haina budi kuwa na watu wake wanaoweza kuyasoma maandishi hayo.

Watu hao ni watoto wenu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia. Huko kijana huketi mbele ya kompyuta, akafungua hazina, akatafuta na kulinganisha. Akirudi nyumbani likizo na kusema, "Baba, mama, mimi nasoma vinasaba," msimwambie kwamba ameacha kazi za watu. Mwulizeni: "Je, umesoma vya dagaa? Umetumia samaki wangapi? Walivuliwa wapi? Na namba ya bahati ilikuwa ndogo au kubwa?" Kijana aliyefundishwa vyema atafurahi kuulizwa, na asiyejua atarudi chuoni akatafute.

Nanyi watafiti wakija ufukweni kuomba kipande cha pezi, waulizeni kitapelekwa wapi, kitasomwa kwa ajili gani, na lini watarudi kuwaeleza matokeo. Ninyi mmejifunza kusoma. Mnayo haki ya kudai karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, mkaisoma wenyewe.

Hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Juma lijalo tutazungumza juu ya maji ya kunywa na jinsi ya kuyasafisha. Kwaherini, na majadiliano mema.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Herufi za vinasaba ni ngapi? Zitajeni.
2. Andikeni maneno matatu yenye herufi zile zile nne: A, I, L, M.
3. Ubaoni, samaki wa 2 na wa 3 wamehitilafiana mahali pangapi? (Jibu: pawili, herufi ya tatu na ya kumi na moja.)
4. Kwa nini neno "na" haliwezi kutuambia karatasi imetoka kitabu gani?
5. Elezeni kwa maneno yenu kwa nini dagaa wa ziwa zima wanahitaji kutunzwa na nchi zote nne.
6. Tajeni jambo moja juu ya uvuvi ambalo herufi za dagaa haziwezi kutuambia. Tunawezaje kulijua?
7. Kazi ya darasa: andikeni barua fupi kwa kiongozi wa ufukwe wenu, mkiuliza maswali mawili juu ya kupumzisha ziwa. Barua bora isomwe mbele ya darasa.